Malkia wa Bombani

Foleni ya ndoo ilikuwa imezunguka ua mzima, na safari hii watu walipanga foleni kwa ajili ya sinema. Mama Malkia alisimama wa kwanza bombani, akirudia kimoyomoyo maneno yake: "Bwana, watoto wana kiu." Hayo tu. Lakini angeonekana kwenye sinema, uzeeni!

Jina lake alilipata jukwaani. Kabla ukumbi wa maigizo haujageuzwa ghala la saruji, yeye ndiye aliyekuwa malkia katika ile tanzia ya kale ya mfalme aliyefunga kisima cha mji mpaka wanawe mwenyewe wakafa. Aliposikia tanzia hiyo inafanywa sinema ya kisasa, tena hapahapa kwenye ghorofa lao, alibetua midomo. Malkia gani anakaa nyumba ya kupanga?

Asubuhi hiyo akamwona binti aliyepewa nafasi ya malkia akiigiza, akikunja sare ya shule ya mtoto aliyekufa, taratibu, bila neno. Machozi yakamtoka mtu mzima. Hata taji la mfalme lilikuwa limegeuka funguo kiunoni mwa ofisa wa maji wa sinemani. Jamani, watu wana akili! Yeye alililia watoto wale kwa makelele miaka nenda rudi, na binti huyu anamaliza kazi kwa kukunja shati.

Ofisa wa maji wa kweli naye alikuwepo, amekaa kivulini. Mwezi mzima aliwanyima wapangaji maji akidai ni matengenezo. Leo wenye sinema walitaka bomba litoe maji, matengenezo yakaisha ghafla.

"Wakimaliza tu, nafunga," alisema.

Mwongozaji akaashiria. Maji yakamwagika.

"BWANA, WATOTO WANA KIU!"

Njiwa waliruka paani. Fundi sauti akavua vidude vyake masikioni.

"Kata! Mama, hapa si jukwaani. Nong'ona, kama yule binti."

"Nisamehe, mwanangu. Mazoea."

Kurudia kulihitaji ndoo tupu. Zilizojaa zikapandishwa vyumbani juu, tupu zikashushwa mbio. Mama Malkia alijaribu maneno yake kwa sauti ya chini, yakamkaa vizuri kabisa kooni. Ndipo alipomwona jirani yake mwenye mapacha, mwisho kabisa wa foleni, na beseni kavu.

"BWANA, WATOTO WANA KIU!"

"Kata!"

Ndoo zikapanda, ndoo zikashuka. Akanguruma tena, na tena, mpaka mama mapacha naye akajaza beseni. Hapo uvumilivu wa mwongozaji ukamwisha.

"Mama, basi, pumzika. Maneno yako atasema mwingine."

Mwingine aliyasema mara moja, yakafaa. Ofisa akainuka na kufunga koki.

Mama Malkia alibeba ndoo yake, roho inamuuma. Kwenye ngazi, yule binti alishika naye mpini wa ndoo.

"Shikamoo, mama. Mbona ulikuwa unapiga kelele hivyo, na umeelekezwa?"

Mama Malkia akamwangalia, kisha akamjibu kwa sauti ya chini, ileile waliyokuwa wakiitaka tangu asubuhi.

"Mwanangu, watoto wana kiu."