Futi ya Fundi Cherehani

Mimi si mwalimu wa kubembeleza. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi machozi ya akiba sina. Nafundisha darasa la saba kuchora majengo kwa kompyuta: milango, madirisha, mapaa, ngazi. Kompyuta kumi na mbili, watoto thelathini na wanne. Ukikosea darasani kwangu, kosa lako linarushwa ukutani kwa projekta na wenzako wanakucheka mpaka ulijue. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, na sikufa.

Mwaka huo chuo cha ufundi kiliipa shule yetu nafasi moja. Moja tu, bila ada, mpaka mtoto amalize. Kila mwanafunzi achague sehemu ya jengo la shule, aipime mwenyewe, aichore kwenye kompyuta. Ijumaa mkaguzi wa chuo angekuja na futi yake kulinganisha mchoro na jengo. Nani angeipata nilikuwa najua: binti wa fundi cherehani, yule mwembamba wa kiti cha nyuma. Alikuwa akichora dirisha, unatamani kulifungua. Sikumwambia hata siku moja. Ukimsifu mtoto anaota mapembe.

Yeye alichagua ngazi za kupandia ghorofani, ngazi kumi na moja. Jumatatu nikairusha kazi yake ukutani.

"Ngazi ya tano ina kimo gani?"

"Sentimita ishirini, mwalimu."

"Na zingine?"

"Kumi na saba."

"Ala! Kwa hiyo fundi aliyejenga shule hii alikuwa amelewa? Akafika ya tano, akapiga funda, akaendelea?" Darasa likaangua kicheko. "Umepimia nini?"

Akatoa mfukoni futi ya mama yake, ile laini ya manjano, ncha zimechakaa.

"Hii ni ya kupimia viuno! Ngazi unaishonea gauni?"

Walicheka mpaka wakapiga meza. Nikamnyang'anya kipanya, nikafuta ngazi yake ya tano, nikanakili ya nne, nikaibandika pale. Kumi na saba. "Ngazi unachora moja, zingine unanakili. Haya, hifadhi." Akahifadhi.

Sasa niseme ukweli: miaka sita nimekuwa nikijikwaa kwenye ngazi zile, palepale, nikilaumu viatu vyangu.

Kesho yake mama mtu akaja ofisini kwangu, nyuzi zimemng'ang'ania kwenye blauzi.

"Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Binti yangu anasema futi yangu inadanganya. Nina nguo za watu kumi na wanne pale mezani. Hebu nipimie kwa ya kwako."

Nikailaza futi yake kando ya yangu ya chuma. Macho ya yule mama yalishachoka na tundu la sindano. Alikuwa ananitazama mimi usoni, mezani haangalii. Kuanzia sifuri mpaka mia na hamsini, mstari kwa mstari, futi zile zililingana. Mtoto alikuwa amepima sawasawa. Tena ilikuwa Jumanne, na kurekebisha mchoro ni kazi ya dakika moja. Lakini nisimame mbele ya wale watoto thelathini na wanne niseme nimekosea? Mimi?

"Imelegea, mama," nikasema. "Itupe."

"Mungu wangu! Na vitambaa nimeshakata!" Akaitumbukiza kwenye kapu langu la taka, akanishukuru kwa mikono miwili. Alipoondoka nikaiokota nikaitia kwenye droo. Sijui nilikuwa naitakia nini.

Ijumaa mkaguzi akaja, mzee mkavu wa maneno. Akapima ngazi moja moja, kisha akaniita mimi na binti ofisini kwangu, akaweka mchoro juu ya meza.

"Hii ngazi ya tano nani aliipima?"

"Shikamoo. Ni mimi," binti akasema.

"Ukapata ngapi?"

"Ishirini. Lakini mwalimu alisema futi ya mama imelegea, ndiyo tukaweka kumi na saba."

"Futi ikilegea inadanganya kila mahali, mwanangu. Haichagui ngazi moja. Iko wapi?"

"Mama aliitupa."

Mkaguzi akanigeukia. "Mwalimu, hayo ni kweli?"

Droo ilikuwa imenigusa goti. Kuifungua tu. Niliona aibu yangu yote imejikunja mle ndani, nikaona heri aaibike mwingine.

"Watoto hawa, mzee wangu," nikasema, tena nikacheka. "Nilimwambia apime. Yeye akanakili."

Binti akanitazama. Hakulia. Mkaguzi akakata jina lake kwa kalamu. "Kukosea kunafundishika," akamwambia. "Uongo hapana." Nafasi akapewa mtoto aliyechora mlango wa choo.

Tukabaki wawili. Nikajifanya napanga karatasi.

"Mwalimu," akaniita, taratibu kabisa, "futi ya mama ilikuwa nzima, sivyo?"

Nikaendelea kupanga karatasi.

"Nataka kujua tu, nikamwambie. Tangu Jumanne anafumua nguo za watu. Zote. Anasema vipimo vyake vyote ni vya uongo."

Nikamwambia arudi darasani.