Kiti cha Usukani

Kasulu hakuna ziwa. Kuna baridi, kuna maharage, na kuna vumbi jekundu ambalo hata sabuni imesalimu amri mbele yake. Lakini mwaka 2013 ilikuwa na timu ya wanawake wapiga makasia, na tegemeo lao alikuwa Herieth, binti mwenye mabega ambayo mama yake aliyapangia jembe.

Mwisho wa wiki walishuka Kigoma, ziwani, ulikokuwa mtumbwi wao wa mashindano. Siku nyingine walikaa kwenye mabenchi nyuma ya mashine ya kusaga, wakivuta miti ya mikaratusi badala ya makasia.

"Dada zangu, mmefika Bujumbura?" wapita njia waliwachokoza.

"Tumekwama, njoo usukume!" Herieth alijibu bila kuacha kuvuta.

Katika mchezo huo wavutaji huipa safari mgongo. Anayetazama mbele ni mmoja tu, mshika usukani, na wao walikuwa na Anifa, mwepesi kama ganda la karanga.

Siku ya kupambana na Kibondo, wateuzi wa timu ya taifa walikaa kwenye mstari wa kumalizia. Kwa ajili yao Herieth alikuwa amemwahirisha mchumba mara mbili. Ndipo Afisa Stanislaus, kigogo wa michezo aliyehamishiwa Kasulu kutoka Dodoma, alipoziona kamera.

"Anifa mwanangu, shuka. Mbele ya mgeni rasmi timu haiongozwi na mtoto."

"Mzee, usukani unaujua?" Anifa akauliza.

"Nimeongoza idara, nishindwe na mtumbwi?"

Akaingia. Mtumbwi ukaguna. Herieth akajikuta ana kwa ana na kitambi.

Filimbi ikalia. Stanislaus alipaza sauti "Vuta!" kila walipokwisha kuvuta. Hata hivyo waliongoza, maana Herieth alivuta kama anang'oa kisiki. Mstari ulipokaribia, mgeni rasmi akapunga mkono. Stanislaus akasimama ili naye apunge.

"Mzee, kaa!"

Chubwi! Mtumbwi ukachomoka kama mbuzi aliyekata kamba.

"Yebaba we! Twende hivyo hivyo!" mvutaji mwenzake, Verediana, alipiga kelele nyuma yake.

"Kasulu!" kipaza sauti cha mwamuzi kikanguruma. "Bila mshika usukani hamhesabiwi!"

Herieth alimwona afisa akielea na jaketi lake la kuokolea, mkono ungali juu. Anaomba msaada au bado anasalimia, haikujulikana. Kibondo wakapita wakicheka.

"Turudi," Herieth akasema.

Kumpandisha kungewapindua wote. "Mzee, ng'ang'ania hapo nyuma!" Stanislaus akaudaka usukani kwa mikono miwili, wakamburuta hadi mstarini.

"Mshika usukani yuko wapi?" mwamuzi aliuliza.

"Si huyo! Ameushika!"

Mwamuzi alicheka mpaka akakaa chini. Wakahesabiwa, wa mwisho.

Mama mmoja kati ya wateuzi akamshika Herieth bega. "Kambi ya taifa inaanza mwezi ujao. Utakuja?"

"Hata leo, mama."

Stanislaus akajipenyeza, maji yakimchuruzika. "Tunashukuru sana. Tutaondoka lini?"

"Tumemchukua mvutaji, mzee," mama yule akasema. "Nanga tunazo."