Kamusi Watatu

Dereva wa ofisi ya ufadhili wa masomo aliegesha gari karibu na tangi la maji, akazima injini, akaenda kutafuta chai. Afisa alibaki kwenye kiti chake akijipangusa vumbi la safari. Kutoka pale aliyaona madirisha ya madarasa aliyokuwa akifundisha zamani. Kidato cha pili, mwalimu Kamusi alikuwa ubaoni akifundisha Kiingereza. Kidato cha tatu, Kamusi huyohuyo alikuwa ameinama juu ya dawati akimsahihishia msichana mmoja insha. Huyu wa kidato cha tatu alikuwa amevaa sweta ya kahawia ambayo afisa aliisahau nyuma ya mlango siku alipokwenda kusoma. Viwiko vilikuwa vimeshatoboka.

Mwalimu mkuu alimpokea kwa bashasha.

"Ulipoondoka, madamu, tulimwongezea Kamusi vipindi vyako, ratiba ikagongana. Jumatatu tukamkuta yuko madarasa yote mawili. Wa tatu alikuja baadaye, mwalimu wa kidato cha nne alipohamia benki."

"Hamkuomba mwalimu mwingine?"

"Tuombe wa nini? Kila darasa lina mwalimu. Na Kamusi hana makuu. Mshahara wanachukua mmoja."

Jina la Kamusi alibandikwa na wanafunzi, kwa kuwa hakuna neno la Kiingereza walilomwuliza likamshinda. Yeye na afisa walikuwa chanda na pete, wakitumia meza moja na kugombania kalamu moja nyekundu. Nafasi ya ufadhili wa shahada ya uzamili ilipofika shuleni ilikuwa moja tu, na mwenye alama za juu alikuwa Kamusi. Ndiye aliyesema, "Tangulia wewe, dada. Ukirudi utanishikia madarasa, nami niende." Dada alitangulia. Alipomaliza alipewa kiti katika ofisi ya ufadhili, akasema atakaa kidogo tu, mambo yakae sawa. Mambo yalikaa sawa upesi, naye akaendelea kukaa. Tangu hapo Kamusi alikuwa akiomba kila mwaka. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake, mwakani umri ungemtupa nje, na ofisi ilimtuma afisa aje amsaili.

Wakati wa mapumziko Kamusi waliingia chumba cha walimu, wakaketi kwenye benchi moja. Walipokezana kikombe kimoja cha chai. Mwenye sweta alianza kuivua.

"Chukua mali yako, dada. Nilikuwa nakutunzia tu."

"Baki nayo," alisema afisa. Aliona aibu, akajifanya anatafuta kalamu kwenye mkoba.

Wa kidato cha nne alikuwa na sanduku dogo la nguo, amelibana katikati ya miguu.

"Ataenda huyu," alisema mwenye sweta. "Sisi tutabaki na watoto. Yeye ndiye bado ana hamu ya kusoma. Sisi imeshatutoka."

Afisa alieleza kwamba utaratibu haumruhusu mwombaji kuacha pengo shuleni. Huyu akiondoka, kidato cha nne kitabaki bila mwalimu wa Kiingereza. Alieleza polepole, kwa sauti ya semina, wao wakitikisa vichwa pamoja. Hakuna aliyemwuliza yeye mwenyewe aliacha nini alipoondoka. Laiti wangemwuliza.

"Labda wewe ukirudi, dada," alisema wa kidato cha pili, kwa upole, kama mtu anayeomba kupishwa njiani. "Basi la kuja huku liko lilelile. Na meza yako hatujampa mtu."

"Nitaliangalia hilo," alisema afisa.

Lilikuwa jibu la ofisini, na alilisikia likitoka katika kinywa chake mwenyewe. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini sakafu ya chumba cha walimu ilikuwa ya saruji nzuri. Akaandika kwamba mwombaji anastahili kwa kila hali, ila shule haiwezi kumkosa. Akatia sahihi. Kamusi wakamshukuru.

Walimsindikiza hadi kwenye gari. Mmoja alimbebea mkoba, mwingine akamfungulia mlango, na wa tatu akasimama na sanduku lake, hajui aliweke wapi. Mwenye sweta alisema, "Usijisikie vibaya, dada. Wewe ulifika, tumefika sote." Alikuwa akimaanisha kila neno, na hilo afisa hakuweza kulivumilia. Aliinamisha kichwa, akashindwa kuwaaga vizuri.

Kengele ikalia. Kamusi wakatawanyika. Wa kidato cha nne aliliweka sanduku juu ya meza ya mwalimu, akalifungua, akasogeza mashati pembeni na kutoa insha za wanafunzi.

Dereva aliwasha gari. Afisa alimwambia asubiri kidogo. Alikuwa akitazama madirisha, moja baada ya jingine, kwa sababu kidato cha kwanza kilikuwa kinapiga kelele, mwalimu wake hakufika siku hiyo, na yeye alikuwa na aibu ya kutosha kumgawa mara mbili. Alidhani huenda atajiona mle ndani, amesimama ubaoni, mmoja wake aliyekubali kubaki.

Alitazama hadi vioo vya gari vikaingia ukungu. Kisha mlango wa kidato cha kwanza ukafunguliwa, akaingia Kamusi, wa nne sasa, na kelele zikakoma.

"Kuna mtu tunamsubiri, bosi?" aliuliza dereva.

Afisa alijipapasa mikono. Alikuwa mmoja tu, na mwili wake wote ulikuwa ndani ya gari.

"Hakuna," alisema. "Twende."