Maiti Haidanganyi

Evariste na mdogo wake Parfait walikuwa vijana wa kutegemewa katika mutuelle. Ndivyo walivyokiita chama cha wafanyabiashara Wakongo wa Nchelenge, Zambia, na mchango wa ndugu hawa haukuchelewa hata mwezi mmoja. Walinunua chisense, dagaa wa ziwa Mweru, wakawaanika mchangani na kuwapeleka Lubumbashi, lakini kabla ya kununua hata ndala mpya walikuwa wameshatoa fungu la mutuelle.

Kazi ya mutuelle ilikuwa moja tu: kuzika. Ukifa unapata jeneza la mbao safi, spika, chakula cha waombolezaji, na Kanta, lori dogo la mwenyekiti, mzee Gustave, inakubeba hadi kaburini. Kufa ugenini na kuviringishwa kwenye mkeka, hiyo ni aibu ambayo kijana yeyote angeilipia kwa moyo mweupe.

Dada yao Reine, muuza vitenge sokoni, alikuwa amewachosha kwa jambo jingine. Parokia ilikuwa imeanzisha bima ya afya, na kwa bahati mbaya nayo ikaitwa mutuelle.

"Ingieni mu mutuelle ya santé," aliwaambia kila walipotoka misa. "Kama mutu anagonjwa, banamulipia opitali."

"Yaya, mutuelle tuko nayo," Parfait alimjibu dada yake mkubwa huku akicheka. "Mutu anaingia mu mutuelle mbili sababu ya nini? Eko na miili mbili?"

Kila mara alikuwa na lake. Kwanza msimu uwe mzuri. Kisha pikipiki. Kisha harusi yake na Stéphanie. Halafu ziwa likafungwa ili samaki wazaane, na nani analipia ugonjwa wakati hana hata chisense wa kuuza? Tena hajawahi kulala hospitali tangu azaliwe. Opitali ni ya wazee na wanawake wenye mimba, alisema, na Evariste, mkubwa mzima, alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

Evariste ndiye aliyeharibu zaidi. Mama Pierrette, mwanachama mwenzao, alipopendekeza mkutanoni kwamba mutuelle isaidie wagonjwa pia, alisimama akajishika kiuno.

"Mugonjwa anaweza kudanganya," alisema. "Maiti haidanganyi."

Watu walicheka, wakapiga makofi, na pendekezo la mama wa watu likafia palepale.

Asubuhi moja Parfait alianguka magoti juu ya chisense waliokuwa wakikauka. Siku kadhaa alikuwa akilalamika tumbo, akinywa maji ya majani na kusema litapita. Evariste alimbeba kwa pikipiki hadi kliniki ndogo ya binafsi karibu na soko. Nesi Mwenya, Mbemba aliyejifunza Kiswahili kwa kuwauzia Wakongo dawa, alimgusa tumbo upande wa kulia, na Parfait akapiga yowe.

"Mwebantu! Hii ni appendice, kidole tumbo," Mwenya alisema. "Kupasua ni opitali ya Mansa tu. Ambulance ilienda Chienge. Tafuta gari sasa hivi. Na bila karte ya bima, kule munalipa mbele."

Evariste alikimbia hadi kwa Gustave. Kanta ilikuwa uani, tangi limejaa. Sanduku la fedha za mutuelle lilikuwa chini ya kitanda cha mzee. Gustave alisikiliza, macho yakamlowa, lakini hakuinuka.

"Mutoto yangu, nitafanya nini? Mafuta ni ya mutuelle. Prezida mwenye alinitangulia balimufukuza sababu alitosha feza ya mutuelle juu ya mugonjwa. Iko mu règlement, mu sheria yetu. Weye mwenyewe njo ulitufunga."

"Papa Gustave, atakufa!"

"Akikufa," Gustave alisema kwa sauti ndogo, "niko hapa."

Evariste alirudi kliniki. Tumbo la Parfait lilikuwa gumu, midomo imekauka. Evariste alitoka nje, akatoa simu.

"Papa Gustave," alisema. "Parfait amekufa."

Hakujua kwamba neno kama hilo lingeweza kumtoka mdomoni kwa urahisi namna ile.

Hakuwa hata amemaliza kumweleza Mwenya alichokifanya, Kanta ikafika. Evariste alitazama asiamini macho yake. Jeneza lilikuwa nyuma, maana fundi seremala Lévi huwa na moja lililo tayari. Sufuria kubwa zilikuwemo, na godoro la kilio, na Gustave mbele amekumbatia sanduku la fedha. Wanawake waliruka chini wakilia, Mama Pierrette akijigaragaza vumbini na kuliita jina la Parfait. Watu wale wale! Mtu hai walimnyima lita moja ya mafuta, na sasa walikuwa wameleta hadi kuni.

Kitandani Parfait alifumbua macho, akamtazama kaka yake.

"Yaya," aliuliza, "nani amekufa?"

Mama Pierrette, aliyekuwa amefika mlangoni, alikatiza kilio. Kisha akapiga ukelele wa namna nyingine kabisa, akatoka mbio kiatu kikabaki. Gustave alimtazama Parfait, akamtazama Evariste, mdomo wazi.

"Ulisema maiti haidanganyi."

"Maiti haidanganyi, papa. Ni mi njo nilidanganya."

"Muko na gari ao hapana?" Mwenya aliwafokea.

Walimlaza Parfait kwenye godoro la kilio, ubavuni mwa jeneza, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kulishusha. Reine, aliyekuja mbio kutoka sokoni aliposikia kilio, alimshika kichwa safari nzima hadi Mansa, akisali na kuwatukana wote kwa zamu. Parfait alipasuliwa, akapona. Sanduku la fedha lilimlipia, na hakuna aliyethubutu kupinga baada ya kutazamana na marehemu ana kwa ana. Evariste alitozwa mbuzi kwa uongo wake, akamtoa bila neno, na wiki hiyo hiyo akaenda parokiani kuandikisha jina lake.

Parfait aliporudi kazini, Evariste na Reine walimfuata mchangani. Alikuwa ameinama akigeuza chisense, anapiga mluzi.

"Yaya Reine anangoja jina yako," Evariste alimwambia. "Ya mutuelle ya santé."

Parfait alipandisha shati, akajipiga kofi tumboni pembeni mwa kovu.

"Appendice balishaitosha. Itarudia namna gani? Tungoje saison iishe, nitaingia."

Reine alikaa chini mchangani kama mtu aliyeishiwa nguvu. Evariste alimkodolea macho mdogo wake, ambaye sasa alikuwa ameacha kupiga mluzi na amekunja uso kwa wasiwasi wa kweli.

"Ila yaya," Parfait aliuliza, "wakati nilikuwa mu opitali, weye ulinilipia mchango yangu ya kuzika?"