Kiondo cha Ukutani Nunguni

Bwana wa kaunsili alitupa wiki mbili. Kona ya nyuma ya soko la Nunguni, alisema, imekuwa jalala, na sisi wauza ndizi wa hapo tutahamishwa hadi kule chini, mahali ambapo hata mbuzi hapiti. Ilikuwa mwaka wa 1984. Mimi Syombua, mama yake Kisilu, mwenye mdomo usio na breki, nikasimama mbele ya watu wote.

"Bwana, rudi wiki mbili zikiisha. Hii mahali hutaijua."

Haya, nimeshasema. Tukaitana mwethya, kama tunavyoitana kulima shamba la mwenzetu, wanawake kumi na wanne. Tulizoa taka siku tatu nzima. Ukabaki ukuta wenyewe, mweusi kwa moshi na uchafu, aibu tupu. Basi kila mmoja akaleta vikombe na sahani zilizovunjika kwake, tuubandike.

Fundi Mulei, aliyetukorogea saruji, alitushauri tuanzie chini tupande kwa uzi. Nani amsikilize? Sisi ni wasusi wa vikapu. Kiondo huanzia katikati ya kitako, kikazunguka. Tukaanzia katikati, tukazunguka, kila mwanamke na mstari wake wa rangi.

Siku ya tano duara likagusa mwisho wa ukuta upande wa kushoto. Kulia palibaki patupu, hatua nne nzima. Hiyo katikati tuliikadiria kwa macho tu! Mulei alicheka mpaka akakaa chini. Kiondo ukikosea unafumua, lakini saruji ikishika imeshika. Nililia kwa hasira, wala sikujificha. Nikachukua nyundo.

Kavata, jirani yangu wa sokoni, akanishika mkono. "Mama Kisilu, ngoja kwanza. Hiki kiondo si hakina mkanda?"

Tukatazamana. Kisha tukacheka kumshinda Mulei. Upande wote wa kulia tukaujaza mkanda mrefu wa vigae vya bluu, umepinda kama umetoka begani sasa hivi.

Siku ya mwisho bwana wa kaunsili akaja na faili lake. Akasimama mbele ya ukuta. Akanunua ndizi kwa Kavata, akaila akifuata mistari kwa macho, mmoja mmoja. Alipomaliza akaangalia kushoto, akaangalia kulia, ganda mkononi. Akalikunja taratibu, akalitia mfukoni mwa koti.

"Kaeni tu hapa hapa, akina mama," akasema, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga vigelegele.