Gumba la Kapteni

Mzee Bortolo Pezzolani wa Bergamo alikuwa na kapteni mmoja tu, naye yuko ukutani: babu wa mababu zake, amechorwa ndani ya deraya ya chuma, upanga mkononi, kanuna kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa jeuri ya picha hiyo mzee alikuwa ameikataa posa ya mjukuu wake Noemi. Mposaji, Tino, ni mtoto wa muuza nyama! Damu ya makapteni ichanganywe na soseji?

Ili kukata mzizi wa fitina, Jumapili baada ya misa alimwita Daktari Malvestiti, bingwa wa kusoma picha za kale, aje aiandikie picha hiyo cheti. Akamwita na Bi Ilde, mama yake Tino, aje asikie kwa masikio yake.

"Tazameni kifua," Daktari alianza. "Deraya haina hata mkwaruzo. Adui hakuwahi kumfikia!"

"Au yeye hakuwahi kumfikia adui," alisema Bi Ilde.

"Mama, nyamaza usomeshwe," mzee alimkata.

"Na gumba hili, limelala juu ya mgongo wa upanga," Daktari aliendelea. "Hiyo ni ishara ya amiri. Nguvu anazo, ila anazizuia."

Bi Ilde akavaa miwani, akasogea, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Anazuia nini, daktari wangu? Hivyo ndivyo tunavyoshika kisu cha kutenga nyama na mfupa. Huyu ni mchinja nguruwe! Na kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakina ncha, kimeliwa na kisu. Marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo."

"Na deraya je?" mzee alifoka.

Daktari akakohoa. "Wachoraji walikuwa nazo, mzee. Za kuwaazima wateja."

Mwacha asili ni mtumwa, lakini mzee Bortolo alikuwa hajui hata kama ameiacha. Alijibwaga kitini.

"Daktari, kwenye cheti wewe andika kapteni tu," alisihi.

"Babu!" Noemi alisema kutoka mlangoni.

"Mwache aandike, mwanangu," alisema Bi Ilde. "Mtaani wakijua ukweli, wataniuliza namwoza Tino wapi, kwa watu wanaoionea haya kazi ya baba yao."

Mzee akainuka kitini. "Kwa hiyo... ile posa bado ipo?"

Bi Ilde akamkonyeza Noemi, akachukua mkoba wake.

"Nitakwenda kuwauliza wenzangu," alisema. "Kwetu hatuoi ovyo."