Mtu wa Karibu

Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, Eddah alipewa fomu ya rangi ya waridi pale dirishani hospitalini, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Uzi ulikuwa mfupi, ikabidi aandike ameinama, mjukuu wake Apiyo akiwa amemshika sketi kwa nyuma. Jina la mgonjwa aliliandika vizuri. Umri, miaka tisa. Mahali, Silanga, Kibera. Ugonjwa, saratani ya damu. Hilo aliliandika kwa herufi ndogo sana, labda nalo lingebaki dogo. Kisha akafika palipoandikwa MTU WA KARIBU, akasimamisha kalamu.

Eddah alikuwa mzoefu wa fomu. Alisoma mpaka darasa la saba, na alijua kwamba fomu ikishajazwa husomwa na mkubwa, na mkubwa hutazama majina. Ukiandika jina la mtu wa mkokoteni, mtoto wako atasubiri mpaka jioni. Ndiyo maana watu wa Silanga wakifika hapo huandika mchungaji, au mwalimu mkuu, au chifu. Eddah akaandika Chege, mwenye ploti za kupangisha wa Kawangware, ambaye yeye Eddah alimfulia nguo kila Jumatano na Jumamosi. Nambari ya simu yake aliijua kwa kichwa. Ni mtu mzuri, alijiambia. Krismasi alinipa unga.

Hii ilikuwa sindano ya pili. Zilikuwa ziwe kumi na mbili, zote za uti wa mgongo, moja kila baada ya wiki mbili. Ile ya kwanza ilidungwa bila dawa ya ganzi, na watu wanne walimshika Apiyo, mmoja kila mguu na mmoja kila mkono. Tangu siku hiyo Apiyo alikuwa akilala amebandika mgongo kwenye mabati ya ukuta, ili mtu asije akamtokea nyuma. Eddah naye hakulala. Alikuwa akimsikiliza akipumua.

Sista Valerie alifungua kabati lililobandikwa karatasi ya DAWA YA GANZI, akatoa miwani mikubwa kama bakuli, ya kufunika macho yote.

"Dawa iliisha Pasaka, shosho," alimwambia bibi. "Lakini tumeletewa hii. Akiivaa anaona sinema, imemzunguka pande zote. Hatasikia kitu."

"Hatasikia kabisa?"

"Kabisa."

Apiyo akavishwa, akalazwa kwa ubavu, magoti yakakunjwa mpaka kidevuni. Eddah aliona sindano. Ilikuwa ndefu. Kila mara Apiyo akiogopa, yeye humtegea vitendawili, lakini siku hiyo hofu ilikuwa imevifagia vyote kichwani, kikabaki kimoja tu, na ndicho ambacho hakikufaa kusemwa.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," Apiyo akajibu kutoka ndani ya miwani.

"Anavisha watu wote, mwenyewe anatembea uchi."

"Sindano!" Apiyo akacheka, na sindano ikaingia. Hakutikisika. "Dani," alimwita bibi yake kwa Kijaluo, "niko ndani ya puto, liko juu kabisa! Kuna twiga hapa chini. Nimemgusa pembe."

Akageuka kujaribu kumgusa tena, sista akamwambia atulie. Saa nne na dakika kumi kazi ilikuwa imekwisha. Mkononi mwa Apiyo mlikuwa na manyoya mafupi ya kahawia, matatu. Sista aliyapangusa kwa pamba, akaitupa kwenye ndoo ya taka.

Kesho yake Eddah alitembea mpaka Kawangware. Nzembi, mwanamke wa Kikamba aliyekuwa akifua pamoja naye, alikuwa ameshajaza mabeseni. Nzembi hakuwa amesoma hata siku moja, lakini hakuna mtu aliyejua habari za ploti ile kumshinda.

"Mama Ken, umekosa sinema," alimwambia Eddah, akimwita kwa jina la mwanawe. "Jana mzee Chege alikuwa kwa benki, amesimama foleni na watu wake wa suti. Saa nne hivi, akapiga nduru kama mbuzi! Akalala chini hapo hapo. Wakadhani ni wezi wameingia, wote wakalala."

"Aliumwa na nini?"

"Mgongo. Daktari amemwangalia, hajaona kitu."

Eddah aliinua shati la mzee kutoka kwenye rundo. Nyuma, chini kidogo ya kiuno, palikuwa na tone la damu, dogo kama punje ya dengu. Alijua kiasi chake na mahali pake, kwa sababu asubuhi ile alikuwa amembandua Apiyo plasta mahali pale pale. Akalifua kwa maji baridi, maana damu ukiipiga maji ya moto haitoki tena. Alimaliza kabla Nzembi hajarudi na sabuni. Nzembi alikata kipande chake cha sabuni katikati, akampa nusu, kama alivyofanya siku zote.

Baada ya sindano ya tatu, na shati la pili, Eddah alimuuliza sista.

"Uchungu haupotei, shosho," Sista Valerie alisema, akiosha mikono. "Miwani inauondoa tu kwa mtoto. Ukiondoka lazima ufike mahali. Unaenda kwa huyo wa kwenye fomu."

"Basi niandike mimi."

"Wewe umeandikwa aliyemleta mgonjwa. Aliyemleta hawezi kuwa mtu wa karibu. Mashine inakataa."

"Na tukiacha pale bila jina?"

"Miwani haiwaki. Inabaki giza. Kuna mama aliacha hivyo, mtoto alilia mpaka akapoteza sauti, na haijarudi."

Eddah alikaa kwenye benchi akawaza. Mama yake Apiyo alikuwa kaburini Siaya. Ken, mtoto wake wa mwisho, alikuwa akifanya kazi ya mjengo, siku za juma utampata ghorofa ya sita, amesimama juu ya ubao. Uchungu ukimpata huko ataanguka. Jirani wa kulia alikuwa na mimba. Jirani wa kushoto alikuwa akichuuza chai ya moto, thermosi mbili mgongoni. Kila aliyemfikiria alikuwa amebeba kitu, au amepanda mahali. Chege hakubeba kitu. Eddah akaacha fomu kama ilivyokuwa, akarudi nyumbani, na akaendelea kufua.

Lakini sasa alikuwa na hofu mbili. Usiku aliogopa Apiyo asife, na mchana aliogopa mzee asijue. Akisikia geti la Kawangware likilia, maji yalimwagika mkononi mwake. Apiyo mwenyewe alikuwa akinenepa kidogo. Alianza kulala katikati ya godoro.

Siku iliyofuata sindano ya nne, Eddah aliitwa ndani. Chege alikuwa ameketi kwenye kiti cha meza, mbele kabisa, mgongo haugusi. Mkewe Muthoni alikuwa amesimama na simu.

"Hii kitu nilidhani ni wakora wa simu," Muthoni alisema. "Imekuja mara tatu." Akasoma. "Ndugu Chege. Uchungu wa Apiyo wa leo saa nne na dakika kumi umekufikia. Asante kwa kuwa karibu."

Eddah alipiga magoti.

"Inuka, Mama Ken," Chege alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Apiyo si ni yule mdogo ulikuja naye mwezi wa pili? Aliyekuwa anahesabu kuku?"

"Ndiye, mzee."

"Kumbe ni mtoto." Akapapasa kiuno. "Nimesogeza kitanda ukutani. Siku hizi nalala mgongo umegusa ukuta. Muthoni ananicheka."

"Sikucheki," Muthoni alisema.

"Zimebaki ngapi?"

"Nane."

Chege alitazama mikono yake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na nane, mwenye ploti saba. "Siwezi nane," alisema. "Tangu utoto mimi naogopa sindano. Hata ya ndui niliikimbia, mama yangu akanitafuta kwa mashamba ya chai siku nzima. Nisamehe, lakini siwezi."

Eddah akajipa moyo. "Mzee, ni dawa ya ganzi tu imekosekana. Ikiwa kwa kabati, uchungu hautoki kwenda kwa mtu. Yule mkubwa wa hospitali, si mnakaa naye kanisani? Ukimpigia tu..."

"Nikimpigia ataniuliza nimejuaje. Nitasema nini? Kwamba kwa fomu mimi ni ndugu ya mfuaji wangu?" Aliinuka polepole, akaenda dirishani. Nje, Nzembi alikuwa akianika mashuka, anayarusha juu ya kamba kwa mkono mmoja. Chege alimtazama muda mrefu.

"Huyu ana mgongo wa nguvu," alisema.

Muthoni akachukua bahasha tupu, akaandika nambari ya simu ya Nzembi, akampa Eddah. Kisha akaenda jikoni, akarudi na mfuko wa sukari, akampa pia.

Jumanne ya sindano ya tano, Eddah aliomba ile fomu yake pale dirishani. Walimpa na kalamu ile ya uzi. Alifuta jina la Chege kwa mstari mmoja. Kisha akasimamisha kalamu. Nyuma yake watu walianza kusonya, kijana mmoja akamwambia, "Mathe, unaandika barua kwa nani?" Eddah aliufikiria mkono wa Nzembi na nusu ya sabuni. Alifikiria pia watu wanne, mmoja kila mguu na mmoja kila mkono. Apiyo alikuwa akivuta sketi yake.

"Dani, harakisha. Puto litaniacha."

Eddah akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, kama siku zote.

Jumatano hiyo shule zilikuwa zimefungwa, akaenda na Apiyo Kawangware. Chege alikuwa kibarazani, ameegemea kiti vizuri, anakunywa chai. Akampungia Apiyo mkono. Nzembi alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na mabeseni, mkono mmoja nyuma ya kiuno.

"Mama Ken, uzee umenikuta njiani," alisema. "Jana nimebeba mtungi wa maji kichwani, kitu kikanidunga hapa. Nikaona nyota mchana! Mtungi ukapasuka, watoto wakanicheka mpaka wakachoka."

"Pole, mama. Leta hizo shuka, nitafua mimi."

"Zote?"

"Zote."

Nzembi akatoa simu yake kifuani. "Halafu kuna hii imeingia. Nisomee, wewe una shule."

Eddah alifuta mikono kwenye sketi, akaishika simu mbali kidogo na macho. Alisoma mpaka mwisho. Alisoma tena.

"Ni watu wa laini ya simu," alisema. "Wanakusalimia. Wanasema asante."

"Wacha! Hao hawajawahi kunisalimia." Nzembi alifurahi. Akairudisha simu kifuani, akachukua kisu, akakata sabuni katikati.

Apiyo alikuwa amekaa ngazini, anahesabu kuku. Walikuwa wameongezeka wawili.

"Dani, kitendawili."

"Tega."

"Nyuki amenichoma mimi, amelia jirani."

Eddah aliinama juu ya beseni. Maji yalikuwa baridi. Jibu alikuwa nalo mdomoni, na Nzembi alikuwa hatua tatu kutoka pale, akisubiri naye kulisikia.

"Umenishinda," alisema.

"Umeshindwa? Wewe?" Apiyo aliruka chini. Alikuwa ameshapewa Kisumu, Nakuru na Eldoret, miji ya vitendawili vya zamani, lakini miji hiyo ilikuwa ya kubembelezwa tu. "Basi nipe mji!"

"Chukua Kawangware," Eddah akasema.

Apiyo akaichukua Kawangware yote, pamoja na maploti yake, na kuku, na kamba za nguo, na wote waliomo.